Jina Moja Asubuhi, Jina Lile Lile Usiku

Nimekuwa katekista, yaani mwalimu wa dini katika Kanisa Katoliki, kwa miaka 22, katika kigango, tawi la parokia lisilo na padre anayekaa hapo. Padre hutufikia Jumapili chache. Siku nyingine sisi walei, waumini tusio mapadre wala watawa, ndio tunaofungua kanisa, kuongoza ibada, kufundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa na kuzungukia wagonjwa. Swali ninaloulizwa kuliko yote si la Utatu Mtakatifu. Ni hili: "Mwalimu, nitasali saa ngapi na kazi zote hizi?" Anayeuliza huwa ni mama lishe anayewasha moto saa kumi usiku, au kijana wa bodaboda, au muuguzi anayetoka zamu macho mekundu.

Jibu langu huanzia kwenye sala wanayoijua tayari, ile ya Nia Njema. "Kumheshimu Mungu wangu, namtolea roho yangu, nifanye kazi nipumzike, amri zake tu nishike. Wazo, neno, tendo lote, namtolea Mungu pote." Tuliikariri utotoni kwa mwendo wa wimbo, na wengi wetu hadi leo tunaipitia mbiombio huku mguu unatafuta ndala chini ya kitanda. Lakini isikilizeni. Kazi imetajwa humo, na kupumzika kumetajwa. Aliyeisali kwa moyo alfajiri ameshamkabidhi Mungu sufuria ya maharage, pikipiki na zamu ya wodini kabla hajavigusa.

Ninachowaongezea ni kitu kimoja. Ukifika "namtolea Mungu pote", nyamaza kidogo, kisha taja jina la mtu mmoja utakayemhudumia leo. Si "maskini wote", si "wagonjwa wa dunia nzima". Jina: mama Fulani wa nyumba ya tatu, ambaye mtoto wake hajaenda shule wiki nzima. Usiku, unapochunguza dhamiri kabla ya Sala ya Kutubu, rudi kwa jina lile lile. Je, ulimfikia? Kama hukumfikia, nini kilikuzuia? Nimeona watu waliokuwa wakiungama "nimekosa upendo" miaka nenda rudi wakianza kujua ni upendo gani waliokosa, na kwa nani.

Hili nililijifunza kwa kukosea. Oktoba moja, mwezi wa Rozari, nilikuwa nimepiga magoti sebuleni nikiisali, nikiwa fumbo la tatu kati ya mafumbo yake matano. Mtoto wa jirani akabisha hodi: mama yake amezidiwa, anatafutwa mtu wa kumsaidia kumpeleka zahanati. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Nilipomaliza fumbo la tano na kutoka nje, mtoto hakuwepo. Majirani wengine, ambao hata si Wakatoliki, walikuwa wameshampakia mama yake kwenye bajaji. Mama yule alipona, na hajawahi kunilaumu. Ila ule mkono wangu nilioinua kumzuia mtoto bado nauona.

Mtakatifu Vincent de Paul, aliyeanzisha shirika la Mabinti wa Upendo pamoja na Louise de Marillac huko Paris mwaka 1633, aliwafundisha masista wake kwamba maskini akihitaji dawa wakati wa sala, waende kwa amani, kwa maana huko ni kumwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Wapo wanaolishika neno hili kisha wakaacha kusali kabisa, wakisema kazi yao ndiyo sala yao. Siwaungi mkono. Masista wale wale walikuwa wakiamka kabla ya jua kutafakari, na anayetoka kwenye sala kwenda kwa mgonjwa lazima kwanza awe amekuwa kwenye sala. Mama Teresa na masista wake wa Kolkata, katikati ya wagonjwa wasiohesabika, waliamua mwaka 1973 kuongeza saa nzima ya kuabudu Ekaristi, ule mkate uliowekwa wakfu kwenye Misa, kila siku. Hawakuipunguza kwa sababu kazi imezidi.

Mimi nilikulia karibu na Peramiho, Ruvuma, ambako watawa Wabenediktini walifika mwaka 1898 na desturi yao ya sala na kazi. Saa sita mchana kengele ililia, na watu wazima wakasimama walipokuwa na kusali: Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria. Dakika mbili, kisha randa inaendelea. Leo namwambia kijana wa bodaboda atumie simu yake kama kengele.

Sasa niseme kuhusu wagonjwa, maana hapo ndipo tunapojikwaa sana. Wengi bado wanaiita Sakramenti ya Mpako, ambayo padre humpaka mgonjwa mafuta matakatifu, "mpako wa mwisho", hivyo padre akionekana mlangoni ndugu huanza kulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulishasema wazi kwamba sakramenti hii si ya waliofikia kukata roho tu. Mtu akianza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, wakati wake umeshafika. Mwiteni padre mgonjwa angali anaweza kuitikia sala mwenyewe. Jambo jingine lisilojulikana: ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo, yaani kupokea Ekaristi, haiwabani wazee na wagonjwa, wala wanaowauguza. Nimekuta binti aliyekesha na baba yake akikataa Komunyo kwa sababu amekunywa uji. Kanisa lilikwishamfikiria huyo binti.

Tangu mwaka 1973 Papa Paulo VI aliruhusu walei walioteuliwa wapeleke Komunyo kwa wagonjwa, nami ni mmoja wao. Nikibeba Ekaristi sisimami njiani kupiga soga. Nyumbani kwa mgonjwa huwa wameandaa meza, kitambaa cheupe, mshumaa na msalaba. Nikienda bila Ekaristi, utaratibu wangu ni mwingine: kwanza naangalia kama mtungi una maji, kama dawa zipo, nani amepika. Sala baadaye. Mgonjwa mwenye kiu haombi vizuri.

Jumuiya Ndogo Ndogo, vikundi vya waumini majirani wanaosali pamoja, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, zilikusudiwa kwa kazi hii hasa. Inaniuma ninapofika Jumamosi alfajiri nikakuta Injili imesomwa kwa dakika tano, na michango imejadiliwa kwa saa nzima, bila mtu kuuliza nani anaumwa.

Kuna bibi mmoja ambaye hajatoka kitandani miaka mitatu. Zamani nilidhani mimi ndiye ninayemhudumia. Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba, kabla sijawasha mshumaa, akaniambia, "Mwalimu, mimi siwezi kuchota maji ya mtu tena. Nipe jina." Nikampa jina la kijana aliyekuwa amekimbia mafundisho ya sakramenti ya Kipaimara. Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameshika rozari. Hakuniuliza nimemletea nini.

"Yule kijana," akasema, "amefika?"