Umemchoka mgonjwa? Basi hilo ndo la kuleta kwenye supavisheni

Nesi mgeni kwenye wodi ya akili ukimwambia wiki hii ana supavisheni, yaani kikao cha kukaa na mwenzake mzoefu kuchambua kesi zinazomsumbua, atakuuliza kwanza "kwani nimefanya nini?" Simlaumu. Huko alikotoka, kila mkubwa alipomwita wakae chini ilikuwa chati haijajazwa, dawa imechelewa, au ndugu wa mgonjwa wamelalamika, kwa hiyo anakuja amejikaza, majibu anayo tayari, na saa nzima inaisha anajitetea mbele ya mtu ambaye wala hajamshtaki.

Mimi ni nesi wa afya ya akili na siku hizi kazi yangu kubwa ni kukaa na manesi wenzangu, wanaleta kesi zinazowasumbua tunazipekua pamoja. Nataka nieleze humo ndani kunatakiwa kufanyika nini hasa, maana sehemu nyingi naona imebaki fomu ya kujaza tu.

Tuanzie hapa. Kwenye afya ya akili kifaa kikubwa cha kazi ni nesi mwenyewe: sauti yake, uvumilivu wake, anavyokaa na anavyonyamaza. Hildegard Peplau, nesi wa Marekani, aliliandika hili toka mwaka 1952, kwamba uhusiano kati ya nesi na mgonjwa ndo uuguzi wenyewe, siyo kitu cha ziada ukipata nafasi. Sasa kama kifaa ni wewe, na hujalala, na umetukanwa asubuhi nzima, na kuna mgonjwa mmoja kila akifungua mdomo anakukumbusha mtu aliyekutesa utotoni, nani anakuangalia? Mashine ya presha ikianza kusoma uongo inapelekwa kwa fundi. Wewe unapelekwa wapi?

Kuna makala moja ya zamani huwa naitaja kwenye kila mafunzo. Tom Main, daktari wa akili aliyekuwa anaongoza hospitali ya Cassel kule Uingereza, aliichapisha mwaka 1957 baada ya kukaa na kikundi cha manesi wakichambua wagonjwa waliowashinda. Walichogundua kilikuwa kichungu: dawa ya kutuliza ilitolewa pale nesi alipofika mwisho wa uvumilivu wake, wakati yeye mwenyewe anaamini kabisa ameitoa kwa ajili ya mgonjwa. Hakuwa anadanganya, alikuwa hajioni tu. Sasa fikiria ile PRN, dawa inayotolewa pale tu inapohitajika, ya saa tisa usiku. Chati inasema "mgonjwa alikuwa msumbufu, amepewa dawa, ametulia" na kila neno ni kweli, ila hakuna palipoandikwa nani hasa alikuwa hawezi kuvumilia tena. Hata kabla ya hapo, mwaka 1949, Donald Winnicott, daktari na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, alishasema wazi kwamba anayetibu wagonjwa wagumu wa akili kuna wakati atawachukia, na ni hatari zaidi akijifanya hawachukii.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, ile hisia unayoona aibu kuitaja ndo pa kuanzia. Hasira, kinyaa, uoga, au upande wa pili, kumpenda mgonjwa mmoja kuliko wengine.

Mifumo ya kutafakari ipo mingi na sitaipitia yote. Mwanafalsafa Donald Schön mwaka 1983 alitofautisha kutafakari ukiwa katikati ya kazi na kutafakari ukishamaliza, halafu Graham Gibbs, mtaalamu wa elimu, mwaka 1988 akaleta ule mduara ambao kila mwanafunzi wa unesi ameukariri: nini kilitokea, ulijisikiaje, nini kilienda vizuri na nini vibaya, kwa nini, ungefanya nini kingine, na safari ijayo utafanyaje. Sina ugomvi na mduara. Ugomvi wangu ni kwamba mtu anaandika kurasa mbili za tukio, kwenye hisia anaweka mstari mmoja "nilijisikia vibaya", halafu huyoo anaruka mpaka "nitaboresha mawasiliano yangu". Mawasiliano gani? Hapo huwa namrudisha. Vibaya vipi? Ulidharauliwa? Uliogopa? Ulitamani kumjibu? Wengi wanacheka kwanza, halafu wananyamaza kidogo, halafu ndo kazi inaanza.

Chukua mfano wa kutunga, ingawa aliyewahi kufanya wodi ataujua. Mgonjwa ana historia ya kujikata, na anamwambia nesi mmoja "humu ndani ni wewe tu unanielewa, wengine wote wananichukia". Nesi anaanza kubaki baada ya shifti, anampa vijiruhusa ambavyo wengine hawapewi, kwenye kukabidhiana shifti anabishana na wenzake, wenzake nao wanasema anachezewa akili. Akija kwenye supavisheni haleti habari ya mgonjwa, analeta malalamiko kuhusu timu. Supavaiza mvivu ataanza kuamua nani yuko sahihi, na akishafanya hivyo amekwisha, ameshaingia kwenye ugomvi uleule.

Kinachosaidia ni maswali ya kawaida kabisa. Ukiwa ofu unamfikiria? Ukitoka kuongea naye mwili unausikiaje? Na lile ambalo mimi siliachi: ukimwambia hapana leo, unaogopa kitatokea nini? Mara nyingi jibu ni "atajikata, na nitakuwa mimi ndo nimesababisha". Hapo sasa tumefika. Nesi anaendeshwa na hofu, na ukiangalia vizuri ile hofu ya mgonjwa ya kuachwa imehamia kwake, yeye ndo anaibeba sasa. Akishaliona hilo mipango inakuja yenyewe, muda wa kuongea na mgonjwa unapangwa na kujulikana na timu nzima, kila shifti inampa jibu lilelile, na mpango wa usalama wake unaandikwa pamoja naye badala ya kutegemea moyo wa mtu mmoja.

Na supavaiza naye asijione yuko nje. Harold Searles, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1955 kwamba yanayotokea kati ya mgonjwa na mtibabu yanaweza kujirudia kati ya mtibabu na msimamizi wake. Ukiona unatamani kumwokoa huyu nesi, unamwongezea muda, unamtetea hata hajakuomba, hiyo ni taarifa kuhusu mgonjwa, itumie.

Brigid Proctor, mkufunzi wa washauri nasaha Uingereza, kwenye miaka ya 1980 aliipa supavisheni kazi tatu: kulinda viwango, kumjenga mtu kiujuzi, na kumrudishia nguvu. Kwa nilivyoona, hiyo ya kwanza inakula hizo mbili, hasa supavaiza akiwa ndo bosi anayepanga rosta na kuandika tathmini yako. Nani atamwambia bosi "jana nilimchukia mgonjwa"? Mimi nasema asiwe bosi wako wa moja kwa moja, na kama hakuna mtu mwingine basi vikao vitenganishwe kabisa, cha kazi na utendaji siku nyingine. Habari ya siri nayo ielezwe siku ya kwanza bila kuzungukazunguka: tunayoongea yanabaki hapa, isipokuwa kuna hatari kwa mgonjwa au kwa mtu mwingine, au kuna jambo la kuvunja sheria na maadili ya kazi. Jina la mgonjwa haliandikwi kwenye maelezo.

Uingereza, toka Aprili 2016, nesi anayehuisha usajili kila baada ya miaka mitatu lazima awe na tafakari 5 za maandishi na azijadili na mwenzake aliyesajiliwa. Napenda kile kipengele cha kujadili, maana karatasi peke yake haikuulizi "vibaya vipi?"

Halafu tusichanganye mambo, kile kikao cha haraka baada ya mgonjwa kushikwa kwa nguvu wodini siyo supavisheni. Kile ni cha kuangalia nani kaumia na nini kimetokea. Kinatakiwa, lakini hakitoshi.

Kama kazini kwenu hamna supavaiza, fanyeni kikundi. Michael Balint, mchambuzi wa nafsi, alikaa na vikundi vya madaktari London miaka ya 1950 na wazo lake bado linafaa. Mimi nashauri hivi: watu 4 mpaka 6 walewale, saa moja kwa mwezi, simu zimezimwa, na muda huo hauliwi na upungufu wa watu wodini (hapa ndo vikundi vingi hufia, kwa hiyo mwombeni mkuu wa wodi auandike kwenye rosta). Mmoja analeta kesi bila kusoma faili, anaongea dakika kama 10 hakuna kumkatisha. Akimaliza anarudi nyuma anasikiliza tu, wengine wanasema walichohisi wakimsikiliza, wao wangekuwa mgonjwa wangehisi nini, wangekuwa nesi wangetamani kufanya nini. Halafu yeye anarudi kusema kilichomgusa. Ushauri uwe wa mwisho kabisa, na mwekeni mtu mmoja wa kulinda hilo, maana manesi tukisikia shida tu tunaanza kutoa maelekezo.