Paka, Bundi na Panya: Maswali na Majibu kuhusu Kudhibiti Panya katika Makazi ya Vijijini

Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara na kaya za vijijini zinazosumbuliwa na panya na zisizotaka kutegemea sumu. Majibu yote yanaegemea jambo moja: paka na wanyama pori wanaowinda panya huilinda nyumba iliyokwisha kusafishwa, lakini si rahisi kwao kuisafisha nyumba iliyokwisha kuvamiwa.

Kwa nini panya wahesabiwe kuwa tatizo la afya, na si la uharibifu wa chakula peke yake?

Panya anapopita juu ya chakula au chombo huacha mkojo na kinyesi, hata kama hakula kitu. Mkojo wake unaweza kuwa na bakteria wa leptospirosi, ugonjwa unaojulikana pia kwa jina la homa ya mgunda, ambao humwingia mtu pale maji au udongo uliochafuliwa unapogusa mchubuko wa ngozi, macho au mdomo. Kinyesi chake kinaweza kueneza salmonela, ambayo husababisha kuhara na homa. Katika maeneo yenye virusi vya hanta, vumbi la kinyesi na mkojo uliokauka huvutwa puani wakati wa kufagia, na Afrika Magharibi panya ndio chanzo cha homa ya Lassa. Viroboto wanaoishi kwenye manyoya ya panya hueneza tauni. Bakteria wa ugonjwa huo walitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na miaka minne baadaye Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto ndio wanaoutoa kwa panya na kuupeleka kwa wengine.

Kasi yao ya kuzaana nayo si ya kupuuzwa. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa takriban siku 20, huzaa watoto kadhaa kwa mara moja, na watoto hao huweza kuanza kuzaa wakiwa na umri wa wiki sita hivi. Kaya inayosubiri hadi panya waonekane mchana, kwa kawaida imechelewa.

Nitajuaje kama nyumba imevamiwa?

Tazama kwanza pale ukuta unapokutana na sakafu. Panya hupenda kupita njia ile ile huku ubavu wake ukigusa ukuta, na baada ya siku nyingi mafuta ya manyoya yake huacha mchirizi mweusi unaong'aa kidogo, hasa kwenye kona na kandokando ya tundu. Kinyesi cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6 na hufanana na punje nyembamba zilizochongoka. Cha panya mkubwa huzidi sentimita moja. Kikiwa cheusi, laini na chenye kung'aa, ni cha karibuni. Kikiwa cha kijivu na kinachovunjika, ni cha zamani.

Ukiwa bado na shaka, nyunyiza majivu laini kandokando ya ukuta jioni na uyaangalie asubuhi kabla watu hawajapita. Mguu wa mbele wa panya huacha alama za vidole vinne, wa nyuma vitano, na mara nyingine katikati ya nyayo utaona mstari ulioachwa na mkia uliokuwa ukiburutwa. Alama hizo zitakuonyesha panya anatoka wapi na anaelekea wapi, na hapo ndipo kazi ya kuziba na kutega inapaswa kuanzia.

Je, paka mmoja anatosha kuwamaliza?

Panya wadogo, pamoja na watoto wa panya wakubwa, huwindwa vizuri sana na paka hodari. Panya wa kahawia aliyekomaa ni jambo jingine: anaweza kufikia gramu 300 au zaidi, ana meno makali, na paka wengi humkwepa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kulifuatilia kwa kamera kundi la panya wa kahawia katika kituo cha taka mjini New York, mahali palipokuwa na paka wasio na mwenyewe. Katika siku 79, panya wawili tu ndio waliorekodiwa wakiuawa. Hata hivyo, paka walipokuwepo, panya walipunguza kutembea wazi na wakaelekea zaidi kwenye maficho yao.

Methali isemayo kwamba paka akiondoka panya hutawala ina ukweli zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya paka ni kuwepo kwake. Harufu yake, mizunguko yake ya usiku na tabia yake ya kuketi mbele ya tundu kwa muda mrefu, masikio yakiwa yameelekezwa mbele bila kutikisika, humfanya panya mgeni asipende kuhamia hapo. Lakini panya aliyekwisha kuweka kiota ndani ya dari au chini ya ghala, mwenye chakula cha kutosha hatua chache kutoka tunduni, hujifunza kumkwepa paka na kuendelea kuzaa. Mwanaekolojia wa Uingereza, Charles Elton, aliandika mwaka 1953 kuhusu mashamba ya nchini kwake na kueleza kwamba paka waliweza kuwazuia panya wasirudi kwenye majengo, ilimradi panya waliokuwemo wawe wameondolewa kwanza kwa njia nyingine na paka wenyewe wawe wanalishwa nyumbani.

Basi nyumba isafishwe vipi kabla ya kumtegemea paka?

Anza na chakula, kwa maana hakuna paka anayeweza kushindana na gunia lililo wazi. Hifadhi nafaka katika mapipa ya chuma au vyombo vigumu vyenye vifuniko vinavyobana. Chakula cha kuku na cha paka mwenyewe kisilale nje; kosa hili ni la kawaida mno, na katika nyumba nyingi sahani ya paka ndiyo inayowalisha panya. Funika maji, na uzike au ufunike mabaki ya jikoni siku hiyo hiyo.

Kisha ziba njia. Panya mdogo hupenya kwenye tundu la milimita 6, yaani upana wa penseli, na panya mkubwa hupita penye milimita 12 hivi. Matundu ya ukutani yajazwe saruji, na madirisha ya hewa yawekewe wavu wa chuma wenye matundu yaliyo chini ya milimita 6. Mbao, matambara na plastiki laini havifai, kwa sababu meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote naye hana budi kuguguna. Fyeka majani yanayogusa nyumba, inua kuni angalau sentimita 30 kutoka ardhini, na ukate matawi yanayofika kwenye paa.

Wale waliobaki ndani wanaswe kwa mitego. Mtego wa kubana uwekwe ukiukabili ukuta, upande wenye chambo ukigusa ukuta, kwenye njia zile zilizoonekana katika majivu. Panya wakubwa huogopa kitu kipya, kwa hiyo ni vyema kuuacha mtego na chambo bila kuutega kwa siku chache hadi wauzoee, ndipo uutege. Mahali penye mitego ya kubana, mfungie paka chumba kingine usiku huo, na hakikisha watoto hawafiki.

Je, paka aachwe na njaa ili awinde kwa bidii?

Hapana. Paka huwinda kwa silika, hata akiwa ameshiba. Paka mwenye njaa hutangatanga mbali kutafuta chakula na kuiacha nyumba bila ulinzi, ilhali anayelishwa hukaa karibu.

Paka naye hawezi kutuletea magonjwa?

Anaweza, na ni lazima jambo hili lisemwe wazi, hasa kwa wajawazito. Paka aliyekula panya mwenye kimelea cha toksoplasma hutoa mayai ya kimelea hicho katika kinyesi chake, kwa kawaida kwa wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, na ndiyo sababu kinyesi cha paka kinachoondolewa kila siku hakina hatari kubwa. Mjamzito asifanye kazi hiyo. Akilazimika, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Avae glavu pia anapolima bustani ambayo paka hujisaidia humo, na mboga zioshwe vizuri. Pamoja na hayo, mjamzito hana haja ya kumfukuza paka, kwa kuwa watu wengi huambukizwa kwa kula nyama isiyoiva vizuri.

Paka anayewinda apewe chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo na dawa ya viroboto kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Ahasiwe au afungwe uzazi, maana paka wengi wasiotunzwa huwa tatizo jipya, na huwaua pia ndege na mijusi. Katika maeneo yenye tauni uangalifu uzidi, kwa sababu paka huugua tauni na anaweza kumwambukiza binadamu.

Ni wanyama pori gani wanaosaidia, na ninaweza kuwavutiaje?

Bundi ndiye wa kwanza, hasa yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo anayependa kuishi kwenye majengo makuukuu na mapango ya miti. Huwinda usiku, wakati panya wanapotoka, na huweza kumnasa gizani kwa kusikia tu. Chini ya mahali anapopumzika utakuta madonge ya kijivu yenye ukubwa wa kidole gumba. Yaloweke majini na uyapasue kwa kijiti: utaona manyoya yaliyoshikamana, na ndani yake mafuvu madogo yenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa. Hayo ni mabaki ya panya ambayo bundi huyacheua baada ya kusaga nyama tumboni. Sehemu nyingi duniani ndege huyu huuawa kwa kudhaniwa kuwa analeta mikosi, na kwa maoni yangu kaya inayomuua inajinyima mlinzi ambaye hadai chakula wala malipo.

Unaweza kumtengenezea sanduku la mbao na kulifunga juu ya mti au nguzo, mita tatu au zaidi kutoka ardhini, mbali na kelele. Nchini Israeli, wakulima wa Sde Eliyahu walianza kutumia masanduku ya namna hiyo mwaka 1983, na mpango ukaenea hadi Yordani na kwa Wapalestina. Mwewe, kipanga, kanu na nguchiro nao hula panya. Usiwasumbue, na uache miti mikubwa isimame pembezoni mwa shamba, lakini banda la kuku lifungwe imara usiku.

Usilete mnyama mgeni kutoka kwingine. Nguchiro walipelekwa Jamaika mwaka 1872 na Hawaii mwaka 1883 ili wamalize panya wa mashamba ya miwa. Kwa kuwa nguchiro hao huwinda mchana na panya hutembea zaidi usiku, walishambulia ndege na mayai yao.

Na nyoka je?

Nyoka wengi hula panya, lakini wasihifadhiwe karibu na nyumba ambamo watu hutembea gizani. Panya wakipungua, nyoka hukosa sababu ya kuja.

Ninaweza kuchanganya sumu na paka?

Ni bora usifanye hivyo. Sumu nyingi za panya, kama brodifakumu, huzuia damu kuganda, na panya aliyezila huishi siku kadhaa akizidi kulegea. Katika siku hizo ndiye windo rahisi kuliko wote, na sumu iliyo mwilini mwake humwingia paka au bundi anayemla. Paka anayetokwa na damu puani au kudhoofika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo haraka, kwani tiba ya vitamini K1 hufaa ikianza mapema.

Nishughulikieje kinyesi na mizoga ya panya?

Usifagie kinyesi kikavu. Fungua milango na madirisha kwa nusu saa, vaa glavu, kisha lowesha mahali hapo kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu tisa za maji. Subiri dakika tano, futa kwa kitambaa cha kutupa, na unawe kwa sabuni. Mzoga nao uloweshwe vivyo hivyo, uingizwe katika mfuko uliofungwa, na uzikwe kina kirefu mbali na kisima.

Panya wengi wakifa ghafla bila mtego wala sumu, usiwaguse na uwazuie watoto na paka wasifike hapo. Viroboto huuacha mzoga unapopoa na kutafuta mwili mwingine wenye joto. Toa taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mtu yeyote wa nyumbani akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kinenani au kwapani, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.