Umebadilisha Monita, Sauti Ikapotea: Yanayosemwa Mwanza na Ukweli Wake kwenye Linux

Mama mmoja mwenye steshenari kule Malimbe, jirani na chuo, alinipigia simu saa mbili usiku. "Fundi, kompyuta yangu imekuwa bubu." Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameitoa monita yake ya inchi 17 aliyoitumia miaka mingi, akaweka ya inchi 24. Waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu, akauweka kando na kuchomeka HDMI. Picha ikaja safi. Jioni akaingia mwanafunzi aliyetaka kusikiliza mahojiano aliyorekodi kwa ajili ya utafiti wake, na spika zilezile mbili za mezani, waya wake wa kijani ukiwa palepale, hazikutoa hata mkwaruzo.

Fundi wa kwanza alimwambia kadi ya sauti imeungua, akamtajia bei ya mpya. Wa pili akasema Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, haipatani na monita za kisasa, dawa ni kuifuta. Nilipofika kesho yake niligundua kwamba hakuna kilichoungua. Sauti ilikuwa inatoka muda wote. Ilikuwa inakwenda kwenye monita, na monita ile haina spika.

Naandika haya kwa sababu naona watu wa hapa mjini wakilipa fedha, na wengine wakipoteza kazi zao za miaka, kwa maneno yasiyo kweli.

Dhana: "Spika zimenyamaza baada ya kubadilisha monita, basi kadi ya sauti imekufa"

VGA haibebi sauti hata kidogo. Inabeba picha tu. HDMI na DisplayPort zinabeba picha na sauti kwenye waya mmoja. Kwa hiyo siku unapohama kutoka VGA kwenda HDMI, hujabadilisha kioo peke yake: umeifungulia kompyuta mlango wa pili wa sauti. Linux ikiuona mlango huo, mara nyingi inaamua kupitishia sauti huko.

Sasa sikiliza sehemu inayowapoteza mafundi wengi. Kwenye kompyuta nyingi, sauti ya HDMI na sauti ya tundu la kijani zinatoka kwenye kadi ileile. Programu inayosimamia sauti huiendesha kadi hiyo kwa mpangilio mmoja kwa wakati mmoja. Zamani programu hiyo ilikuwa PulseAudio. Siku hizi ni PipeWire, ambayo Fedora, mojawapo ya aina za Linux, ilianza nayo mwaka 2021 na Ubuntu, aina nyingine, ikaifuata katika toleo la 22.10. Mpangilio ukiwa wa HDMI, tundu la kijani linaondoka kabisa kwenye orodha. Unafungua mipangilio ya sauti unakuta jina la monita tu, spika zako hazitajwi popote. Asiyejua hili ataapa kwamba kadi imekufa, na simlaumu, maana orodha yenyewe inamwonyesha hivyo.

Fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, uweke programu ndogo inayoitwa pavucontrol:

`sudo apt install pavucontrol`

Ifungue, nenda kichupo cha mwisho kulia, "Configuration". Utaiona kadi yako na chini yake mpangilio unaotumika, mara nyingi "Digital Stereo (HDMI) Output". Ubadilishe uwe "Analog Stereo Duplex". Pale Malimbe nilipobonyeza hapo, spika zilitoa kishindo kidogo, kisha sauti ya mzee mmoja akieleza bei ya dagaa ikajaa chumba kizima; rekodi ya yule mwanafunzi ilikuwa bado inacheza nyuma ya madirisha mengine. Mama alishika kifua.

Kama kadi ni mbili tofauti, moja ya HDMI na nyingine ya tundu la kijani, utaziona zote na kazi ni kuchagua tu. Kwa mwenye PipeWire, andika `wpctl status`, tazama namba ya spika zako kwenye sehemu ya "Sinks", kisha kama ni 47 andika `wpctl set-default 47`. Nyota kando ya jina inakuonyesha sauti inakwenda wapi kwa sasa.

Na kama bado kimya, fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi, utazame chini ya kila nguzo. Palipoandikwa MM pamezibwa. Sogea hapo kwa mshale, bonyeza herufi M, ibadilike kuwa OO. Nimekuta kompyuta zilizotupwa stoo kwa ajili ya hizo MM mbili.

Dhana: "Monita ina tundu la hedifoni, kwa hiyo ina spika"

Monita nyingi zinazouzwa hapa, mpya na za mtumba, zina tundu la hedifoni na hazina spika. Tundu lile linatoa sauti iliyofika kwa HDMI, na ukichomeka spika zako pale, zitalia. Tatizo ni kwamba monita inapojitambulisha kwa kompyuta husema "napokea sauti", na ni kweli inapokea. Haisemi kama ina spika za kuitoa. Ndiyo maana kompyuta inaonyesha kila kitu kiko sawa, mstari wa sauti unapanda na kushuka, nawe husikii kitu.

Kuna jambo jingine la HDMI ambalo wenye saluni na maduka wanapaswa kulijua. Kijana mmoja mwenye saluni Kirumba alikuwa akizima monita ili kubana umeme, akategemea muziki uendelee. Muziki ukawa unakatika kila akizima. Kwa monita nyingi, ukizima kioo, mlango wa sauti wa HDMI nao unafungwa. Spika zake zilikuwa zimechomekwa kwenye monita. Tulizihamishia tundu la kijani la kompyuta, tukabadilisha mpangilio, yakaisha.

Wale wanaolalamika kwamba neno la kwanza la kila sauti linamezwa: njia ya sauti hulazwa baada ya sekunde 5 za ukimya, na baadhi ya monita huchelewa kuamka. Si ubovu.

Dhana: "Herufi zimekuwa kubwa na zenye ukungu, maana yake Linux haiijui monita hii"

Linux haihitaji kuijua monita yako kwa jina. Kila monita hubeba maelezo yake mafupi yanayoitwa EDID, baiti 128 au zaidi, yenye vipimo inavyovikubali. Kompyuta huyasoma kupitia waya uleule. Isipoyapata, inakisia, na kisio la Linux ni pikseli 1024x768. Ukiona monita ya 1920x1080 imekwama hapo, usiulize kama Linux inaiweza. Uliza kwa nini maelezo hayakufika.

Kwa watumiaji wa VGA, jibu mara nyingi liko mkononi mwao. Chukua kile kichwa cha bluu, ukigeuze kuelekea mwanga. Kina nafasi 15 za pini, safu tatu za tano tano. Rangi nyekundu, kijani na bluu hupita pini 1, 2 na 3, kwenye safu iliyo upande mpana. EDID hupita pini 12 na 15, kwenye safu ya upande mwembamba: ya pili na ya mwisho. Pini ya 9 mara nyingi haipo tangu kiwandani, usihangaike nayo. Lakini 12 au 15 ikiwa imepinda, imezama ndani au haikuwekwa kabisa, picha itakuja na rangi zote nzuri huku kompyuta haijui inazungumza na nani. Nimewahi kunyoosha pini ya 12 kwa ncha ya sindano pale Buzuruga, na mwalimu aliyekuwa ameambiwa anunue kadi ya picha akaondoka na 1920x1080 yake. Baadhi ya waya za bei ya chini hazina pini hizo tangu dukani, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa.

Unaweza kuiuliza kompyuta yenyewe:

`wc -c /sys/class/drm/card*/edid`

Mstari wa tundu lililochomekwa ukionyesha 128 au 256, maelezo yamefika. Ukionyesha 0, shida iko kwenye waya, adapta au tundu.

EDID imefika na bado picha ni mbaya? Andika `cat /proc/cmdline` utafute neno `nomodeset`. Neno hili huwekwa wakati wa kusakinisha, pale kioo kinapokuwa cheusi, halafu linasahaulika. Linaizuia kerneli, yaani kiini cha Linux, kuitumia draiva ya kweli, ile programu inayoiendesha kadi ya picha. Monita ya zamani ilivumilia, mpya inaanika aibu. Tena sauti ya HDMI inaitegemea draiva hiyohiyo, kwa hiyo neno moja linaweza kukuharibia picha na sauti kwa pamoja. Lifute kwenye faili ya `/etc/default/grub`, andika `sudo update-grub`, zima na uwashe.

Ukijaribu `xrandr`, amri ya kubadilisha vipimo vya kioo, ukakuta tundu linaitwa XWAYLAND0, usidhani kitu kimeharibika. Uko kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, na huko vipimo hubadilishwa kwenye mipangilio ya kawaida ya kioo.

Dhana: "Adapta ni adapta"

Hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapozama, kuanzia Makoroboi hadi Igoma. Kompyuta nyingi za ofisini zinazokuja za mtumba zina DisplayPort na VGA, hazina HDMI, kwa hiyo adapta inanunuliwa siku ileile ya monita.

Adapta ya DisplayPort kwenda HDMI ni ya upande mmoja. Ukiigeuza, yaani kompyuta yenye HDMI na monita yenye DisplayPort, haitafanya kazi hata ukiibana kwa gundi. Adapta ya HDMI kwenda VGA si waya mtupu, ina chipu ndani inayogeuza mawimbi ya kidijitali kuwa ya analogi, na inakula umeme kidogo kutoka kwenye tundu la HDMI. Kwa kuwa VGA haina sauti, sauti itaishia hapo kwenye adapta, isipokuwa iwe ile yenye kitundu cha hedifoni ubavuni. Na ile ya VGA kwenda HDMI ni kifaa kingine kabisa, huwa na mkia wa USB wa kuvuta umeme. Mweleze muuzaji kompyuta yako ina tundu gani na monita ina tundu gani, kwa mpangilio huo, na mjaribu palepale dukani.

Dhana: "Nimenunua 4K, Linux inaibana ndiyo maana mshale wa mausi unavuta"

Inayobana ni HDMI ya kompyuta. Toleo la 1.4, la mwaka 2009, linapitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, zinazotosha 4K, yaani pikseli 3840x2160, kwa picha 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 ndilo lililofika gigabiti 18 na kuruhusu picha 60. Kompyuta ya mtumba yenye HDMI ya 1.4 itakupa 30, iwe Linux iwe Windows, na kwa picha 30 mshale unaonekana mzito. Kama ina DisplayPort 1.2, tumia hiyo na waya wa DisplayPort moja kwa moja, utapata 60. Kama haina, shusha hadi 2560x1440 au 1920x1080. Mimi ningechagua ulaini kuliko wingi wa pikseli.

Wanaotumia televisheni kama monita na kuona kingo zimekatwa, tafuteni kwenye televisheni chaguo la "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1". Kosa haliko kwenye kompyuta.

Dhana: "Ikishindikana, piga chini uanze upya"

Hii ndiyo inayoniumiza. Msichana mmoja wa mwaka wa mwisho aliletewa kompyuta yake "imepona" baada ya monita mpya, na sura tatu za utafiti wake hazikuwemo. Aliyeifuta hakumuuliza. Kuanza upya huonekana kunatibu kwa sababu kunafuta mafaili mawili matatu ya mipangilio ya zamani. Kwenye GNOME, mojawapo ya sura za mezani (desktop) za Linux, faili lenyewe ni `monitors.xml`, ndani ya folda ya `.config`. Lisogeze:

`mv ~/.config/monitors.xml ~/monitors.zamani`

Toka kwenye akaunti, ingia tena. Kompyuta za miaka mingi zinaweza pia kuwa na `/etc/X11/xorg.conf` lililoandikwa kwa ajili ya monita iliyokwisha kutolewa. Nalo libadilishe jina, usilifute.

Ukitaka uhakika kabla ya kugusa chochote, weka Linux kwenye flashi, washa kompyuta kutoka hapo bila kusakinisha. Picha na sauti zikiwa nzuri, vifaa ni vizima na shida imo kwenye mipangilio. Zikiwa mbaya vilevile, badilisha waya, kisha tundu, kisha azima monita ya jirani. Na kama kompyuta ina kadi ya picha ya kuongeza, angalia nyuma: waya uwe kwenye kadi hiyo, usiwe kwenye tundu la mazabodi.