Mshikamano na wakimbizi: maana yake nini?

Mshikamano umetokana na kitenzi shikamana, na hapo ndipo unapotofautiana na hisani. Mwenye hisani hutoa alichonacho, akaenda zake. Anayeshikamana na mwenzake naye ameshikwa. Shida ya yule imekuwa yake, na kujinasua si rahisi.

Basi mshikamano wa umma na wakimbizi ni pale wananchi wa kawaida wanapojitokeza hadharani kusimama na watu waliokimbia vita au mateso, wakiwa ndio kwanza wanaingia nchi ya ugenini. Serikali ina wajibu wake wa kisheria: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Raia hakutia saini popote. Anakuja kwa hiari.

Septemba 2015, treni kutoka Austria zilipokuwa zikiingia kituo kikuu cha Munich, Ujerumani, wenyeji walijipanga wakiwapigia makofi walioshuka. Maji, nguo na midoli ya watoto vilirundikana hadi polisi wakaomba watu waache kuleta kwanza. Makofi hayashibishi, kweli. Ila kwa aliyetoka kusukumwa mpaka hadi mpaka, kushangiliwa na asiowajua si jambo dogo.

Kazi yenyewe huanza umati ukishatawanyika. Nchini Canada, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, raia wanaweza kuunda kikundi, hadi mwaka 2024 hata cha watu watano, wakamdhamini mkimbizi kutoka nje, kwa kawaida kwa mwaka mzima. Hapo ni kutafuta nyumba, kuandikisha watoto shule, kumfundisha mtu basi lipi linafika hospitali. Hapo pia mwenyeji hugundua kwamba mgeni ana maoni yake: koti alilopewa halitaki, anachotaka ni kazi. (Wengine huliona hilo utovu wa shukrani. Mimi naona ndiyo dalili kwamba hisani imekwisha na mshikamano umeanza.)

Kuna na sura ya kisiasa. Februari 2017 umati mkubwa uliandamana Barcelona, si kwa kugawa chochote, bali kuidai serikali ya Hispania iwapokee wakimbizi iliokuwa imeahidi kuwachukua. Waliokwisha kufika walikuwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo.