Eosinofili sifuri, na swali ambalo hakuna aliyeuliza

Wiki hii nimepokea tena barua ya rufaa yenye sentensi ileile: "COPD, eosinofili 0.0, hana uvimbe wa eosinofili, steroidi ya kuvuta imesitishwa." COPD ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na eosinofili ni aina ya seli nyeupe za damu, ambazo hesabu yake hutusaidia kujua kama steroidi itamfaa mgonjwa. Nimeisoma sentensi hii mara nyingi mno, na safari hii imeniuma, maana mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu, akitoa maneno matatu kisha akitafuta pumzi.

Nikamwomba anionyeshe dawa zake zote. Mkobani akatoa karatasi ya vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, vishimo sita vimeshatobolewa.

"Hivi ulianza lini, mama?"

"Jumapili, daktari."

Damu ilichukuliwa Jumanne.

Habari yote ya ile sifuri ndiyo hiyo. Prednisoloni huzifagia eosinofili kwenye damu ndani ya saa chache tu. Mashine haikukosea, ilitueleza kwamba vidonge vimemezwa, jambo ambalo karatasi ile ilikuwa imeshatueleza. Nikarudi nyuma kwenye faili. Miezi minane kabla, akiwa ametulia na bila kidonge chochote cha steroidi, alikuwa na 520 kwa mikrolita. Kwa kupanga tiba yake, hiyo ndiyo namba ya kushika.

Ninaposema uvimbe sina maana ya kinundu. Ni seli za kinga kujaa kwenye ukuta wa njia ya hewa, ukuta ukanenepa, ute ukawa mzito wa kunata. Damu ni barabara ambayo seli hizo hupita zikielekea huko. Ukihesabu wasafiri barabarani saa ambayo barabara imefungwa, usiniambie mji hauna watu.

Hata bila steroidi, namba hiyo hupanda na kushuka. Hushuka asubuhi na kupanda usiku. Na tafadhali tuache kusoma asilimia: 4% ya seli nyeupe 5,000 ni 200, na 4% ya seli 10,000 ni 400. Asilimia ni ileile, uamuzi si uleule. Minyoo nayo huipandisha bila mapafu kuhusika, na mwenye Strongyloides ukimpa steroidi za kumeza kabla ya kumtibu minyoo, unaweza kumuua.

Kwa COPD, chini ya 100 sitarajii faida kubwa ya steroidi ya kuvuta, na hatari ya nimonia inabaki palepale. Kuanzia 300 faida iko wazi kwa anayezidiwa mara kwa mara, na kumwondolea dawa mtu wa namna hii ni kumrudisha wodini. Kati ya 100 na 300 ndipo ninaposita. Hutazama amezidiwa mara ngapi mwaka huu, ameshaugua nimonia au la, kisha naamua, na kuna siku naamua huku moyo haujatulia. Miongozo huchora mistari iliyonyooka; mgonjwa mwenye 180 leo na 310 mwezi ujao haisomi.

Kuna na wale wanaodhani FeNO, kipimo cha gesi ya naitriki oksaidi kwenye pumzi, ni njia rahisi tu ya kupima jambo lilelile. Sivyo kabisa. Gesi hiyo hutoka hasa kwenye utando wa njia za hewa uliochochewa na intalukini-13, mojawapo ya kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupelekeana ujumbe. Eosinofili za damu hufuata amri ya intalukini-5. Ndiyo maana mepolizumabu, dawa inayozuia intalukini-5, huangusha eosinofili huku FeNO ikibaki karibu ilipokuwa, ilhali dupilumabu, inayozuia ishara ya intalukini-13, huishusha FeNO na eosinofili za damu zinaweza kupanda kwa muda. Vipimo viwili vikipingana, usikimbilie kusema kimoja kimeharibika. FeNO pia ina masharti yake: apulize taratibu, mililita 50 kwa sekunde, na kabla ya spirometria, kipimo cha kupuliza kwa nguvu. Anayevuta sigara husoma chini. Kwa mtu mzima chini ya 25 (sehemu kwa bilioni) ni ndogo, juu ya 50 ni kubwa, na mwenye mafua ya mzio huweza kuvuka hapo bila pumu.

Makohozi ndiyo yanayotoka kwenye njia ya hewa yenyewe. Mwaka 1958 daktari Morrow Brown aliyatazama kwa hadubini na kuona kwamba wenye pumu waliopata nafuu kwa prednisoloni ni wale ambao makohozi yao yana eosinofili. Mwaka 2002 watafiti wa Leicester, Uingereza, walionyesha kwamba tiba ya pumu inayoongozwa na hesabu hiyo hupunguza kuzidiwa kukubwa. Lakini ni kazi ya mikono. Mgonjwa hupewa salbutamoli ya kupanua njia za hewa, kisha huvuta mvuke wa maji ya chumvi ya 3% hadi 5%. Anachotema unakimimina kwenye kisahani, unaokota vibonge vizito kwa koleo ndogo na kuyaacha mate, haraka, ndani ya saa mbili, kisha unahesabu seli 400. Kuanzia 3% naita uvimbe wa eosinofili. Slaidi ikijaa seli bapa za mdomoni, hayo ni mate na hayana jibu lolote. Ikijaa neutrofili, seli nyeupe za aina nyingine, tafuta bakteria kwanza, usiongeze steroidi.

Wenzangu wengi hawana maabara ya namna hiyo, na damu itabaki kuwa kipimo chao. Sawa. Basi kila hesabu iandikwe pamoja na tarehe ya kidonge cha mwisho cha steroidi na hali ya mgonjwa siku ile, na faili la nyuma lifunguliwe kabla ya kusitisha dawa yoyote.

Yule mama nimemrudishia steroidi yake ya kuvuta, na choo chake kimeenda kupimwa minyoo. Damu tutachukua tena wiki nne baada ya kidonge cha mwisho. Tarehe ya kidonge hicho nimeiandika kwenye fomu ya maabara, pembeni ya jina lake, kwa kalamu nyekundu.