Seli zako hazitaishi milele chupani

Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na jamaa zao kabla hawajatia sahihi ya kutoa damu au tishu kwa ajili ya utafiti. Niwe wadi ya wazazi, niwe kliniki ya ng'ambo ya Likoni, lazima atokee mmoja aniambie: "Daktari, mkishachukua hicho kipande mtakizalisha milele, mtajirike, na mimi niko kaburini." Wa pembeni wanaitikia kwa vichwa. Hofu yao naiheshimu. Kinachoniudhi ni kwamba watu wanakataa, na wengine wanakubali, kwa sababu ya jambo lisilokuwepo.

Dhana: Seli za mtu zikishafika maabara huzaana bila mwisho.

Ukweli: Zinazojulikana zaidi kwa kuzaana bila mwisho ni seli za HeLa, na huko ndiko dhana hii ilikotoka. Zilitolewa mwaka 1951 kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na hakuombwa ridhaa. Ile ilikuwa dhuluma, na mwenye kuitaja mbele yangu ana haki. Lakini zile zilikuwa seli za saratani ya mlango wa kizazi. Zina vinasaba vya HPV-18, kirusi kinacholeta saratani hiyo, zina kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) kati ya 76 na 80 badala ya 46, na zina kimeng'enya kinachorudishia ncha za kromosomu kila zinapopungua. Seli ya kitovu cha mwanao haina hayo.

Hata wanasayansi walipotea hapa kwa miongo. Alexis Carrel alianza mwaka 1912 kuotesha seli za moyo wa kuku, zikaendelezwa hadi 1946, na dunia ikaaminishwa kwamba seli ya kawaida haifi. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wakaonyesha kinyume: faibroblasti za binadamu, yaani seli za kawaida za tishu unganishi, hugawanyika takriban mara 40 hadi 60, kisha zinasimama.

Chukueni kitovu, kwa kuwa ndicho kina mama wanachoniuliza zaidi. Kina ateri mbili na vena moja. Maabara, ile vena husafishwa damu, hutiwa kimeng'enya kiitwacho kolajenasi, hubanwa ncha zote mbili na kuachwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa dakika kumi na kitu. Kimeng'enya kikishalegeza utando wa ndani, seli zake humiminwa, hutiwa kwenye chupa iliyopakwa jelatini, na baada ya siku chache huwa zimejipanga sakafuni kama vigae. Chupa ikijaa zinahamishiwa nyingine. Zikihamishwa mara tano au sita huanza kutanuka, kasi inapungua, na mtafiti makini anaacha kuzitumia. Huo ndio utajiri wote.

Seli za ini ndizo hazina subira kabisa. Kwenye chupa ya kawaida karibu hazigawanyiki, na ndani ya siku chache vimeng'enya vyake vya kuvunja dawa vimeshuka mno. Hata hivyo ndizo zinazotegemewa kupima dawa mpya itavunjwa vipi na kama itaumiza ini, kwa sababu zinafanya kazi kama zilivyofanya mwilini. Na zile za mishipa ya kitovu husaidia kuchunguza jambo linalotuhusu sana hapa Pwani: namna chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria zinavyojinatisha kwenye kuta za mishipa ya damu.

Tunachoomba ni kipande cha kitovu tu. Kondo la nyuma ni lenu, mkalizike kama mlivyozoea. Na mkikataa, mama atazalishwa na kuhudumiwa vilevile.

Dhana: Mnatoa damu nyingi, hawa ni mumiani.

Ukweli: Mililita moja ya damu ya mtu mzima hutoa chembe nyeupe za kinga milioni moja hadi mbili. Mililita kumi, yaani vijiko viwili vya chai, zinatosha majaribio mengi. Anayetaka chupa nzima kwa jambo la namna hii aeleze kwa nini.

Dhana: Seli ni seli, tumia HeLa tu.

Ukweli: Hii naisikia kwa wanafunzi, na wao hawana udhuru. Unapima dawa ya ini kwenye seli za kizazi? Hata HepG2, zilizotoka kwenye uvimbe wa ini, zina vimeng'enya hivyo kidogo mno. Isitoshe, HeLa huvamia chupa za wenzake: mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba koo 18 za seli zilizodhaniwa tofauti zilikuwa na alama za HeLa. Kabla ya kuanza kazi, hakikisheni utambulisho wa seli zenu.

Dhana: Mtanitengenezea pacha.

Ukweli: Seli ya ngozi ikioteshwa inabaki ya ngozi. Ni kweli kwamba tangu kazi ya Shinya Yamanaka, kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007, seli ya ngozi inaweza kurudishwa kuwa seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa ya aina nyingine. Hiyo pia si mtu, lakini ni kazi nyingine, na ukoo wa seli shina hizo unaweza kudumu muda mrefu sana. Kwa hiyo ulizeni kabla ya sahihi, na mjibiwe kwa Kiswahili: seli zangu zitabadilishwa kuwa seli shina? Zitasafirishwa nje ya nchi? Nikighairi, zitaharibiwa? Anayekuombea sahihi akikosa jibu, usiandike kitu siku hiyo. Mwambie arudi na anayejua.