Mapitio ya mahakama: viza ikifutwa Australia kwa sababu ya rekodi ya jinai

Asiye raia akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, sheria ya Australia humhesabu kuwa ameshindwa kigezo cha tabia, hata kama ameishi huko tangu utotoni. Msingi wake ni kifungu cha 501 cha Sheria ya Uhamiaji ya 1958. Tangu Desemba 2014, akiwa bado yuko gerezani anatumikia kifungo hicho, viza ni lazima ifutwe; ofisa hana hiari. Mhusika hupewa siku 28 kuomba ufutaji huo utenguliwe.

Ombi likikataliwa na ofisa, anaweza kwenda kwenye baraza la mapitio ya kiutawala, tena ndani ya siku 9 tu. Baraza hulisikiliza suala upya na linaweza kusema: huyu abaki. Lakini Waziri akiamua mwenyewe, baraza halina nafasi. Hapo ndipo yanapokuja mapitio ya mahakama, kwa kawaida kwenye Mahakama ya Shirikisho, na muda wa kufungua ombi ni siku 35.

Jaji haulizi kama mtu huyu anastahili kubaki. Anauliza kama aliyeamua alibaki ndani ya mamlaka aliyopewa na sheria. Tuseme mfungwa aliandika kwamba binti yake mgonjwa anamtegemea, na sababu za uamuzi hazikuligusa jambo hilo hata kwa sentensi moja. Wakili hapo ana pa kushika: mwaka 2022, katika shauri la Plaintiff M1/2021, Mahakama Kuu ya Australia, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa, ilisema mwamuzi lazima asome hoja alizoletewa, azitambue, azielewe na azipime. Ila kama hali ya binti ilipimwa kweli, kisha usalama wa jamii ukaonekana mzito zaidi, jaji hana la kufanya, hata kama yeye angeamua vingine. Na si kila kosa linatosha; lazima liwe kosa ambalo bila hilo uamuzi ungeweza kuwa tofauti.

Jambo ambalo familia nyingi hulijua wakiwa wamechelewa, na ambalo mawakili wangepaswa kulisema siku ya kwanza: kushinda hakurudishi viza. Mahakama hutengua ule uamuzi wa kukataa tu, kisha ombi huamuliwa upya. Linaweza kukataliwa tena, safari hii kwa sababu zilizoandikwa kwa uangalifu zaidi, na muda wote huo mwombaji anaweza kuwa bado kizuizini.